Mhariri, grafu zinazoanzia katikati zinatuumiza

Kwa Mhariri,

Pokea salamu kutoka Kondele, hapa Kisumu. Gazeti lenu nimelisoma tangu niko shule na sijawahi kuwaandikia, lakini hii maneno ya grafu imenikaa kooni na leo lazima niitoe.

Juzi mama yangu alitoka kwa mkutano wa ushirika wao wa maziwa, kwetu kule upande wa Vihiga, akanipigia simu na furaha tele ati bei imepanda mara tatu na anataka kuchukua mkopo aongeze ng'ombe wa pili. Nikamwambia mama, hebu ngoja kwanza, mlionyeshwa nini? Akasema wameonyeshwa kwa projekta, nguzo ya bei ya zamani fupi hivi, na ya sasa imesimama mara tatu yake. Mpwa wangu akanitumia picha kwa WhatsApp, nikaikuza, nikaikuza tena, ndo nikaona vinamba vidogo pembeni: mhimili wa kusimama, ule mstari wa pembeni wenye namba, umeanzia 45. Nguzo ya kwanza ilikuwa ya shilingi 46, ya pili ya 48. Sasa toa 45 kwa kila moja, inabaki 1 na 3, na hiyo ndiyo mara tatu ya mama. Kwa ukweli ni shilingi mbili kwa lita. Wazee waliokaa nyuma hawangeweza kusoma hivyo vinamba hata wakikodoa macho, wao walisoma kimo cha nguzo tu, na si makosa yao, nguzo kazi yake ni kusomwa kimo.

Sisemi aliyechora alitaka kudanganya mtu. Mimi kazi yangu ni hiyo, nachorea wanafunzi wa vyuo grafu za projekti zao kila siku, na najua vile inatokea. Excel ukiipa namba zinazokaribiana sana inaweza kuanzia juu ya sifuri bila kukuuliza. Matplotlib, hiyo programu ya bure ya kuchora grafu ambayo wanafunzi wengi wanatumia, kwa grafu ya mstari inachukua namba yako ndogo kabisa na kubwa kabisa, inaongeza asilimia 5 kila upande, basi. Maana yake hata kitu kikitikisika kidogo tu kitajaa ukurasa mzima kutoka chini mpaka juu. Kompyuta haijui kama hiyo ni bei ya maziwa ama ni joto la mgonjwa, inajaza nafasi tu. Anayejua ni mtu, na huyo mtu ndiye anafaa aamue mhimili uanzie wapi na uishie wapi, halafu awaambie watu.

Na tulifundishwa jamani. Kwa hesabu ya sekondari grafu ilikuwa na maksi zake, S1 ya skeli, P1 ya kuweka nukta, C1 ya kuchora mstari wenyewe. Skeli ilikuwa inakuja kwanza, unahesabu miraba ya karatasi, unafikiria, unafuta, unaandika upya. Laptopu ilipokuja hiyo S1 tukaiachia mashine.

Kurekebisha ni dakika moja. Kwa Excel unabofya kulia pale kwa mhimili, unafungua setingi zake, pale kwa kiwango cha chini unaandika 0. Kwa matplotlib ni ax.set_ylim(bottom=0). Kwa R, programu nyingine ya takwimu, unaongeza ylim = c(0, 60), na kwa gnuplot, nyingine ya kuchora grafu, ni set yrange [0:60]. Hiyo tu. Nilichora upya ile ya maziwa kutoka 0 mpaka 60 nikamtumia mama, akaangalia akanyamaza kidogo, akasema kumbe ziko karibu sawa. Mkopo akauacha kwanza.

Lakini Mhariri, naomba mtu asisome hii barua akakimbia kuweka sifuri kila mahali, manake hapo ndo kuna lingine linaniuma zaidi. Sisi tunaishi na ziwa. Ziwa Victoria liko kama mita 1,135 juu ya bahari. Mwaka wa 2006 lilishuka sana, na mwezi wa tano 2020 likapanda mpaka likapita hata ile rekodi ya 1964, na tofauti ya 2006 na 2020 ni karibu mita tatu. Watu wa Dunga wanaikumbuka hiyo 2020, watu wa Budalang'i pia, maji yalikuwa ndani ya nyumba. Sasa chukua hizo namba uchore kwa mhimili wa 0 mpaka 1,200 kwa grafu ya kimo cha sentimita 10. Mita tatu zinakuwa robo ya milimita. Mstari wa kalamu ni mnene kuliko hiyo! Utaona mstari umelala tuli na utasema ziwa halijafanya kitu, na kuna familia zilihama. Hapo sifuri ndiyo inaficha. Mstari wa kiwango cha maji uanzie 1,133 uishie 1,138, na iandikwe kwa herufi kubwa kwamba umeanzia 1,133. Nguzo ndo lazima ianzie sifuri kwa sababu jicho linapima urefu wake wote, mstari unaonyesha mwendo, sio lazima.

Na hata ukichagua vizuri, hakikisha namba zenyewe zinasomeka. Kuna msichana aliniletea grafu ya kiwango cha maji, data yake yote ilikuwa kati ya 1135.2 na 1135.8, na pale pembeni mhimili ukaandika 0.2, 0.4, 0.6, halafu juu kabisa kwa kona, kadogo sana, +1.135e3, maana yake ongeza 1135 kwa kila namba. Yaani matplotlib imetoa 1135 ikaitupa kwa kona ili ipunguze kuandika. Yeye alikuwa ameshaandika kwa ripoti kwamba maji yana kina cha nusu mita. Nilimwonyesha ile kona na akashtuka. Dawa ni ticklabel_format(useOffset=False), namba zinarudi nzima nzima.

Kuna nyingine mbaya zaidi kwa sababu haionekani kabisa. Ukitumia ggplot2, kifurushi cha kuchora grafu ndani ya R, ukiweka mipaka kwa ylim, kila nukta iliyo nje ya mipaka inatupwa kabla hesabu ifanywe. Chukua mvua ya bonde la Nyando, uambie grafu iishie milimita 50 ndo ikae vizuri, zile siku za mvua kubwa, hizo hizo zinazoleta mafuriko, zinatolewa, na wastani unaochorwa juu yake unashuka. Programu inaandika onyo kwamba imetoa safu kadhaa lakini nani anasoma onyo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Ukitaka kukaribia tu bila kutupa data tumia coord_cartesian. Tena hiyo ggplot2 ukiilazimisha nguzo zianzie 45 kwa ylim zinapotea kabisa, grafu inabaki tupu, na mimi naona ni vizuri ifanye hivyo.

Ombi langu ni hili. Ushirika, chama, ofisi ya kaunti, mtu yeyote anayesimama mbele ya wananchi na grafu, aanze kwa kusema kwa mdomo mhimili umeanzia ngapi na umeishia ngapi, kabla hata ya kusema imepanda ama imeshuka. Namba za pembeni ziwe kubwa za kusomeka na mzee aliyekaa benchi ya mwisho. Grafu mbili zikiwekwa pamoja zilinganishwe, ziwe na mipaka sawa, sio hii inaishia 100 na ile 500. Na nyinyi gazetini pia, Mhariri, nawaomba kwa heshima, mkichapisha nguzo za bei ya unga ama mafuta, mwambie mchoraji wenu azianzishe kwa sifuri.

Mkutano wa kina mama na ushirika uko tena mwisho wa mwezi. Nimemchapia mama ile grafu ya 0 mpaka 60 kwa karatasi kubwa, na amesema ataibeba.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu