Kaka, usimkatalie mtoto kwa sababu yangu

Kaka yangu,

Nimesikia kwamba binti yako kapata nafasi chuo kikuu asomee mawasiliano ya umma, na wewe umekataa. Sikusikia kwako, maana siku hizi habari zetu sisi wawili hupitia kwa watu. Na nasikia umemjibu maneno yale yale uliyonijibu mimi enzi zile: "Kuongea nako kunasomewa?"

Kunasomewa, kaka. Miaka yote hii hujawahi kuniuliza tulikuwa tunasoma nini mle darasani, basi nikueleze leo.

Mwaka 1940 watafiti wa Paul Lazarsfeld, mwanasosholojia, walikwenda eneo la Erie, jimbo la Ohio huko Marekani, kuchunguza watu wanaamuaje kura yao ya urais. Walidhani watakuta redio na magazeti ndiyo yanayowaamulia. Badala yake watu wakawa wanawataja watu: jamaa, rafiki, mfanyakazi mwenzao. Habari inatoka redioni, inamfikia mtu anayeaminiwa, yeye ndiye anayewafikishia wengine. Siku tuliyofundishwa hilo nilimwona Baba mbele yangu. Redio sikioni, kidole juu kutunyamazisha, halafu taarifa ikiisha anatoka nje kuwaeleza majirani. Nao redio walikuwa nazo! Walikuwa wameshaisikia taarifa ile ile, lakini haikuwa imewaingia mpaka Baba aiseme. Hilo hulikumbuki? Wewe ndiye uliyekuwa unambebea kiti.

Wala usimwambie mtoto kwamba maneno ni maneno tu. Rwanda mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, ikataja majina ya wa kutafutwa, na watu wakauawa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio ile. Hawakushtakiwa kwa kushika panga. Mtu akishayasoma hayo, kipaza sauti hakishiki kama alivyokishika zamani.

Sasa nifike kwenye lile.

Nilikuwa darasani. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni maswali ya mwanazuoni wa Marekani, Harold Lasswell, ya mwaka 1948: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, anamwambia nani, na matokeo yake ni nini. Nilikuwa nayanakili, nimefika kwenye "kwa njia gani", simu ikawaka juu ya daftari. Kundi la familia. Juu yake picha ya keki ya mtoto wa binamu yetu, chini yake maneno yako manne: "Baba hatunaye. Tuwasiliane baadaye." Chini ya hapo mikono ya kuomba, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwa watu ambao wengine hata sura zao sizijui. Waliomboleza msiba wangu kabla yangu. Kalamu nilikuwa bado nimeishika.

Najua utakachosema. Kwamba ulipiga mara mbili, sikupokea. Ni kweli, nilizikuta baadaye. Lakini kaka, nilikuwa kipindini, sauti nimeizima kama inavyotakiwa, nami hata siku moja sikuwahi kuacha kukurudia. Ungengoja kipindi kiishe. Ungemtuma mtu. Hata ungeniandikia mimi peke yangu, "nipigie". Nimeyapima haya mara nyingi na kila mara naona sikuwa na kosa, ingawa kama ningekuwa nimeona kosa ni lako tupu, nadhani ningeshaacha kuyapima.

Na matangani, mbele ya baba wadogo na mashangazi, ukasema, "Asome wasifu huyu, si ndiye aliyesomea maneno." Niliusoma. Sauti haikutetemeka. Ulikasirika kwamba sikulia, nawe ndiye uliyeniweka pale.

Tangu hapo tumenyamaza. Kuna mwanazuoni wa Ujerumani, Elisabeth Noelle-Neumann, mwaka 1974 aliandika kuhusu ukimya unavyozaa ukimya: mtu akihisi wenzake hawako upande wake hufunga mdomo asije akatengwa, na kadiri anavyonyamaza ndivyo upande wa pili unavyoonekana ni wa wote. Yeye alizungumzia maoni ya umma. Mimi niliposoma niliona kikao cha ukoo wetu, mama akiangalia mkeka.

Basi mwache mtoto aende. Mwambie asidhani ni kusoma taarifa ya habari kwenye televisheni. Kuna takwimu, kuna sheria, kuna kukaa na watu wa kijiji kizima uelewe kwa nini tangazo la chanjo limewafikia na hawakwenda kuchanja. Ana masikio mazuri, yule. Tangu mdogo alikuwa anasikiliza mpaka mwisho, na hilo amelitoa kwako, kabla hujawa mtu wa kujibu upesi.

Ada ya mwaka wa kwanza nitalipa mimi. Anajua. Usimgombeze kwa kukuficha, nilimwomba anyamaze hadi nikueleze mwenyewe. Nilitaka nikupigie. Jana jioni nimeikalia namba yako mpaka kioo cha simu kikazima.