Kibali cha bastola: barua kwa somo yangu

Minnesota, Marekani, 20 Februari 2025

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Hatujambo sote huku, watoto wazima, na babao anakusalimu. Baridi ya wiki hii ni ile ya kugandisha kope, kwa hivyo nimekaa jikoni na chai ya tangawizi nakuandikia.

Nimeona habari imekufikia kabla sijakwambia mwenyewe, na hilo nakuomba radhi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Hukunigombeza, umeniuliza tu, "Somo, nani amekutisha hata ukaenda kuomba bastola?" Kwenye simu ningebabaika. Acha nikueleze kwa kalamu.

Wajua kazi yangu ni kuhudumia wazee, na zamu ya jioni huisha saa tano za usiku. Mwezi wa Desemba mwenzetu mmoja alinyang'anywa gari pale pale tunapoegesha, bastola i kichwani. Hakuumizwa, Alhamdulillah, ila hakurudi tena kazini. Tangu usiku ule natembea hadi garini na funguo nimezishika kati ya vidole, na nikishaingia siwashi gari mpaka nigeuke nyuma kutazama kiti. Nimechoka kuishi hivyo. Babao watoto alilianza neno hili zamani, tangu Agosti 2017, bomu lilipotupwa kupitia dirisha la chumba cha imamu kwenye msikiti wa Dar Al-Farooq kule Bloomington, watu wakiwa wamekusanyika kwa Swala ya Alfajiri. Hakuna aliyeumia. Lakini yeye aliingiwa na jambo moyoni ambalo halijatoka. Mimi nilikuwa namkatalia kila mara. Safari hii sikukataa.

Basi nilikwenda Jumatano, tarehe 12. Kibali cha kubeba bastola huku hutolewa na sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye huchaguliwa kwa kura. Usifikirie kituo cha polisi cha kwetu na kaunta ile ya mbao. Ni ofisi tu: unachukua namba, unakaa kwenye kiti, unaitwa dirishani. Mbele yangu alikuwepo mzee wa Kizungu aliyekuja kufanya upya kibali chake, na kijana wa Kisomali aliyekuwa akiijaza fomu juu ya goti.

Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kueleza kwa nini naitaka. Nilipofika dirishani, karani hakuniuliza. Kwetu Kenya sheria inataka uwe na sababu ya maana na afisa aridhike nayo, ndiyo maana tangu utotoni mwenye bastola tumemjua kuwa ni mheshimiwa au tajiri. Hapa Minnesota, tangu sheria ya mwaka 2003, mzigo umehamia upande wa pili. Ukitimiza masharti, sherifu hana budi kukupa. Akikunyima, yeye ndiye anayetakiwa kuandika sababu, nawe waweza kuipeleka mahakamani. New York walikuwa bado wanadai sababu maalumu, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ikalifuta sharti hilo Juni 2022.

Masharti yenyewe hayajazi ukurasa. Uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu kama mimi, uwe na kitambulisho, na cheti cha mafunzo ambacho hakijapita mwaka. Nililipa dola 100. Ukikipata kinakaa miaka 5, na kila mwaka wanachunguza tena kama hujatiwa hatiani kwa jambo. Kitu kimoja kilinikamata mkono. Unatia sahihi kuwaruhusu wachunguze kama umewahi kulazwa kwa amri ya mahakama kwa ajili ya ugonjwa wa akili. Nikaikumbuka ile miezi baada ya kujifungua mwanangu wa pili, nilipokuwa nakupigia nalia bila kujua nalilia nini. Hapakuwa na mahakama wala kulazwa, na karani alinieleza kwa upole kwamba siyo hayo wanayoyauliza. Nikatia sahihi. Lakini, somo, nilijiuliza: yule mwanamke wa miezi ile, ningependa awe na bastola kabatini? Jibu nimelijua papo hapo, na silisahau.

Karani akanipa risiti. Dakika ishirini hazikufika. Visa ya mamangu kuja kutuona ilitutoa jasho mwaka mzima.

Mafunzo nilikuwa nimeyafanya Januari, Jumamosi moja kutwa. Mwalimu alikuwa askari wa zamani, mtu mpole, na asubuhi nzima hakutugusisha hata risasi. Alisomesha sheria. Nilidhani kibali ni ruhusa ya kusimama imara mtu akinijia. Kumbe nje ya nyumba yako, sheria ya hapa inataka ukimbie kwanza kama kuna njia ya kukimbia kwa salama. Na Julai mwaka jana Mahakama ya Juu ya jimbo imekwenda mbali zaidi: hata kuitoa silaha ili kumtisha anayekutisha, kama ungeweza kuondoka, huwezi kujitetea kwamba ulikuwa unajilinda. Kesi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyetoa panga kwenye kituo cha treni. Kwangu mimi hili ni zito kuliko kwa wenzangu wa darasani, kwa sababu mimi si raia. Hukumu ya kosa la silaha yaweza kunirudisha Mombasa na watoto wakabaki huku.

Alasiri tukaingia kupiga shabaha. Mshindo wa risasi ya kwanza ulinifika hadi begani, na masikio yalivuma ingawa nilikuwa nimeyaziba. Ya kumi mkono ulitulia. Ya ishirini nilianza kuipenda ile karatasi ikitoboka palepale nilipotazama, nakwambia kweli tupu, na kule kupenda ndiko kulikonitisha. Niliporudi nyumbani mtandio ulinuka baruti, nikauloweka kabla watoto hawajanikumbatia.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi, nacho si wezi.

Si mbali sana na ninapokaa kuna mji mdogo uitwao Falcon Heights. Tarehe 6 Julai 2016 polisi walimsimamisha hapo kijana mweusi, Philando Castile, mwenye miaka 32, mfanyakazi wa jikoni katika shule ya watoto. Alikuwa na kibali hikihiki ninachokiomba mimi. Alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Sheria haikumlazimisha kuanza kusema; unatakiwa uoneshe kibali pale askari anapokuuliza. Alisema kwa sababu alitaka askari asishtuke. Muda mfupi tu baadaye askari alifyatua risasi 7. Mpenzi wake alikuwa pembeni yake, na mtoto wa miaka 4 kiti cha nyuma. Juni mwaka uliofuata baraza la mahakama, yaani raia waliochaguliwa kuamua kesi, likasema askari hana hatia. Na Februari 2022, Minneapolis, polisi waliingia alfajiri katika nyumba wakamkuta Amir Locke, kijana wa miaka 22, amelala kwenye kochi ndani ya blanketi; alipoanza kuinuka, bastola ilionekana mkononi. Familia yake imesema na yeye aliimiliki kihalali. Hawakumaliza hata sekunde kumi wakawa wamemwua. Jina lake halikuwa kwenye hati ya upekuzi.

Darasani niliinua mkono nikamwuliza mwalimu: nikisimamishwa usiku, niseme au nisiseme? Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: washa taa ya ndani, mikono yote miwili juu ya usukani, usifikie pochi kabla hujaambiwa, na ukisema, anza na neno "kibali" kabla ya neno "bastola". Nimeyafanyia mazoezi hayo garini, peke yangu, mbele ya nyumba. Nayasema kwa Kiingereza changu, nawe unajua nikishikwa na hofu ulimi wangu hurudi kwa mama. Mtandio kichwani, ngozi hii, lafudhi hii, usiku wa saa tano na nusu. Castile alizaliwa nchini humu na Kiingereza chake kilikuwa hakina kasoro.

Babao anasema hayo ni ya kuogopa polisi, na mimi ninayemhitaji kumwogopa ni yule jambazi. Ananipenda, na namsikia. Ila hajahesabu kwamba kazini kwangu mwajiri amekataza silaha ndani, kwa hivyo saa nane za zamu ingekaa ndani ya gari, na magari ndiyo yanayovunjwa. Na zile hatua za kutoka mlangoni hadi garini, ndizo ninazoziogopa, ningezitembea mikono mitupu vilevile! Nilipomwonesha hili alikaa kimya. Jana amenunua taa kali ya mkononi akaiweka kwenye mkoba wangu bila kusema neno. Nami nimemwomba msimamizi tuwe tunatoka wawili wawili, amekubali, tumeanza juzi.

Sherifu ana siku 30. Hesabu yangu inaangukia 14 Machi, katikati ya mfungo, Inshallah. Kibali kikija nitakipokea, maana nimekilipia na nimekifanyia kazi, na huku ukishakuwa nacho hakuna ruhusa nyingine ya kuomba dukani. Sanduku la chuma la kufungia tumeshaagiza, kwa ajili ya watoto, hata kabla hatujaamua cha kutia ndani. Bastola yenyewe sijainunua. Kila nikiingia kwenye duka la silaha macho yangu huenda kwenye zile ndogo za wanawake zenye ala ya rangi ya waridi, nikatoka.

Nakuomba mawili. Mamangu usimwambie mpaka nimwambie mimi. Nitampigia Ijumaa baada ya swala. La pili, niambie unavyoona bila kunistahi, kama ulivyoniambia mwaka ule kuhusu yule mchumba wa Malindi. Ulikuwa na haki, na mimi nilikununia miezi mitatu. Safari hii sitanuna.

Nisalimie wote wa nyumbani, na yule bibi wa mahamri pale kona. Mwambie bado sijapata mkono kama wake.

Wako,
Somo