Kabla ya kiwanda cha wanga, pingili safi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo naona linarukwa kila tunapojadili viwanda vya wanga, unga wa muhogo na masoko ya makopa, nalo ni afya ya pingili tunazopanda, yaani vipande vya shina la muhogo. Mipango ya viwanda siipingi hata kidogo. Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu, hivyo kiwanda kilicho jirani na shamba ni neema kwa mkulima. Lakini hakuna mtambo utakaotoa wanga mzuri katika muhogo uliooza ungali ardhini, na ugonjwa unaouozesha hivyo umekuwa katika mashamba ya ukanda wetu wa pwani tangu enzi za babu zetu.

Ugonjwa huo ni michirizi ya kahawia. Mtaalamu H. H. Storey aliueleza kwa maandishi mwaka 1936 akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki, hapa hapa wilayani kwetu Muheza. Ubaya wake ni kwamba hujificha. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, humwonyesha mkulima majani yaliyojikunja na kudumaa, naye huyatambua akiwa amesimama njiani. Michirizi huanza na rangi ya manjano kandokando ya mishipa ya majani ya chini, na wengi hudhani jani limezeeka tu. Mti husimama, hurefuka, hupendeza. Siku ya kuvuna muhogo hutoka mnene na ganda lake safi, hadi kisu kipite katikati ndipo yaonekane madoa ya kahawia, makavu na magumu, yaliyotapakaa ndani ya nyama nyeupe. Nimewaona akina mama wakikata na kutupa, wakikata na kutupa, hadi karai la mihogo iliyomenywa likabaki nusu, na hiyo nusu nayo wakasita kuipika.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana. Familia nyingi hupenda muhogo kwa sababu huweza kuachwa shambani na kuchimbwa kidogo kidogo wakati wa njaa. Palipo na michirizi, kadiri unavyouacha ndivyo madoa yanavyoongezeka, kwa hiyo mkulima hulazimika kuvuna mapema, na ile akiba iliyomfanya achague zao hili haipo tena.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulithibitisha kwamba virusi vya ugonjwa huu hubebwa na inzi weupe. Inzi hao, hata hivyo, huvifikisha mwendo mfupi tu. Anayevivusha kutoka kata moja hadi nyingine, na kutoka nchi hadi nchi, ni binadamu mwenye mzigo wa mashina begani. Muhogo hatuupandi kwa mbegu ya punje. Tunapanda kipande cha mti wenyewe, na kilichokuwa ndani ya mti huo huenda nacho. Magimbi, ambayo ndugu zetu wa Kenya huyaita nduma, hupandwa vivyo hivyo kwa machipukizi, na yaliyotokea Samoa yanatuhusu. Wakulima wa huko walikuwa wamejaza mashamba yao aina moja iliyopendwa sokoni. Mwaka 1993 ukaingia ugonjwa wa kuunguza majani, na mwaka uliofuata biashara ya kuyauza nje ilikuwa karibu imekwisha. Ilibidi watafiti wakusanye aina kutoka visiwa vingine na kutoka Asia, wazichanganye kwa miaka mingi, ndipo mashamba yakafufuka.

Sisi tulianza kazi kama hiyo mapema kuliko wengi. Pale Amani, Storey na waliomfuata, R. F. W. Nichols na D. L. Jennings, waliuchanganya muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira uitwao kitaalamu Manihot glaziovii, kisha wakarudisha uzao wake kwa muhogo mara kadhaa hadi wakapata miti inayostahimili magonjwa na bado inalika. Mradi ulifungwa mwaka 1957. Uzao wa kazi hiyo ulifika Nigeria, ukawa msingi wa mbegu zilizokuja kuiokoa Uganda ilipovamiwa na batobato kali katika miaka ya 1990. Kisha, mwaka 2004, michirizi ikaonekana Uganda katika nyanda za juu, ambako ilidhaniwa haiwezi kustawi, na mbegu zile zilizoshinda batobato zikashindwa nayo.

Kinachonigusa zaidi ni habari ya Namikonga, muhogo uliokuwa ukipandwa na wakulima wa kusini mwa nchi yetu. Watafiti walipochunguza vinasaba vyake walikuta ni mmoja na Kaleso wa pwani ya Kenya, na asili yake ni mchanganyiko uliofanyika Amani. Ofisi zilifungwa, lakini wakulima waliendelea kuupanda kwa nusu karne kwa kuwa waliona unadumu. Leo wataalamu wanautumia kuzalisha mbegu mpya.

Kwa hiyo maarifa tunayo. Tunayo pia Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, na TOSCI inayokagua ubora wa mbegu, zikiwamo za muhogo. Pengo lipo kati ya kituo na shamba. Mti mmoja hutoa pingili kama kumi tu, na mashina yaliyokatwa hayakai muda mrefu kabla ya kukauka, hivyo anayezalisha pingili zilizokaguliwa huhitaji mnunuzi wa uhakika kabla hajakata. Mnunuzi huyo, kwa maoni yangu, awe kwanza halmashauri ya wilaya, ambayo mara nyingi hugawa mashina baada ya ukame. Mashina ya msaada yasiyojulikana yametoka shamba gani ni afadhali yasigawiwe kabisa. Mwenye kiwanda naye achangie mashamba ya pingili kabla ya kusimika mitambo.

Mkulima mwenzangu asiye na pa kununua asikate mashina kwa kutazama majani peke yake. Ang'oe kwanza, apasue mihogo ya mti ule katika sehemu kadhaa, na akiona hata doa moja, mti mzima auteketeze. Achukue pingili katika miti iliyotoka safi tu.

Nalo gazeti lako, Ndugu Mhariri, naliomba kila msimu, wiki chache kabla ya mvua za vuli na za masika, lichapishe majina ya vijiji vyenye mashamba ya pingili yaliyopita ukaguzi, wilaya kwa wilaya, ili msomaji ajue aende wapi na mkokoteni wake.

Afisa ugani mstaafu,
Muheza, Tanga