Mtoto Asituogope Sisi Kuliko Anayemtisha: Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika, Mbagala

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Temeke, waheshimiwa madiwani, Afisa Elimu Kata, mwalimu mkuu mwenyeji wetu, wenyeviti wa serikali za mitaa, mashekhe na wachungaji wetu, afande wa Dawati la Jinsia na Watoto, wazazi, walezi, na ninyi watoto wenye siku yenu: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Tarehe 16 Juni kila kata inakutaka, na umekuja Mbagala. Siku hii tunaiadhimisha kwa ajili ya wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakidai elimu inayowafaa. Ngoma na ngonjera zitasema yake juu ya elimu. Sisi tumepangiwa kusema juu ya simu.

Historia ya kikundi hatutaisoma yote, jua limeshapanda na watoto wa halaiki wamesimama. Sisi ni wazazi, walezi na vijana wa mitaa inayoizunguka shule hii: mama lishe, bodaboda, mawakala wa pesa, walimu wachache, mafundi simu. Tulianza kama kikundi cha kuweka na kukopa, na mpaka leo kila Jumapili tunanunua hisa. Habari ya watoto na mitandao iliingia katikati ya kikao cha hisa, siku mwenzetu alipoomba mkopo wa haraka kutoka mfuko wa jamii akakataa kusema ni wa nini. Mfuko wa jamii ni wa msiba na ugonjwa, kwa hiyo alibanwa. Alilia, ndipo akasema: pesa ni za kumtumia mtu aliyekuwa na picha za mtoto wake.

Mzazi huyo ametuidhinisha tulisimulie, na tumebadili mambo mawili matatu ili mtoto asijulikane. Binti alikuwa sekondari. Akaunti iliyomfuata ilikuwa na picha ya msichana wa rika lake. Alirushiwa bando, akasifiwa, akaombwa picha akiwa na sare, kisha picha ya aina nyingine. Siku ya pili yake alidaiwa shilingi 20,000, la sivyo picha ingeingia kwenye grupu la darasa. Alichokonoa kibubu cha mama yake, akalipa. Akadaiwa 50,000. Mama alipogundua kibubu kimepungua alimchapa kwanza, akauliza baadaye, na alipopata jibu naye akaamua kulipa.

Palepale kikaoni wakala mmoja aliiingiza ile namba kwenye simu yake kana kwamba anatuma pesa. Jina likatokea kabla hajathibitisha: jina la bibi mmoja ambaye, kama tulivyokuja kujua, hajawahi kumiliki simu ya kioo. Alisajiliwa laini chini ya mwamvuli wa barabarani, akaambiwa dole halijasoma, bonyeza tena; kumbe dole la pili lilisajili laini nyingine kwa jina lake. Aliyekuwa akiitumia laini hiyo ni mtu anayemjua binti vizuri, wa jirani kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mengine yako mikononi mwa polisi, nasi tunaishia hapo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tulidhani ni bahati mbaya ya nyumba moja. Mwaka 2022 UNICEF, INTERPOL na ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono, walitoa ripoti kuhusu Tanzania iliyowahoji watoto wenyewe. Kati ya watoto wa miaka 12 hadi 17, asilimia 67 walikuwa wanatumia intaneti. Kati ya hao wanaotumia, asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili au unyonyaji wa kingono kupitia mitandao ndani ya mwaka mmoja tu, na ukikisia kwa nchi nzima unapata watoto wapatao 200,000. Ripoti hiyo hiyo inaonyesha kuwa mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto anamfahamu tayari. Yule mzungu wa mbali tunayemfikiria tukisikia habari hizi yupo, lakini tukimtazama yeye peke yake tutampita wa jirani.

Huku kwetu wapo waliotuambia haya ni mambo ya Masaki na Mbezi Beach, watoto wa Mbagala hawana simu. Kweli hawana. Ila wanayo ya mama akiwa jikoni, ya kaka akilala, ya dada wa saluni, na ile yenye kioo kilichopasuka isiyo na laini lakini inashika waifai ya jirani.

Na hawa watu hawaanzi na ubaya. Wanaanza na ukarimu. Anayecheza Free Fire, ule mchezo wa kwenye simu, anaahidiwa almasi za mchezo huo. Binti anaambiwa ana sura ya kutokea kwenye video za wasanii, atume picha za majaribio. Kijana wa mpira anaambiwa kuna akademi inatafuta vipaji, ajipige picha akiwa na bukta tu ili kocha auone mwili. Wiki mbili tatu ni salamu: umeamkaje, umekula nini, leo mwalimu kakuchapa? Swali hilo la mwisho ndilo linalotuuma, kwa sababu wapo watoto mtaani humu ambao hakuna mtu mwingine anayewauliza. Kisha anaambiwa wahamie WhatsApp au Telegram, na asimwambie mama. Mtoto akishaambiwa asimwambie mama, mzazi ajue hapo pana jambo, hata kama picha bado haijaombwa.

Vitisho vikianza, mtoto anapiga hesabu. Huku kuna mtu anayesema atasambaza. Huku kuna baba na mkanda, mama na maneno yake, na simu itakayochukuliwa. Wengi wanaona bora walipe, au watume nyingine. Hapo ndipo kikundi chetu kilipoona kazi yake. Tukifanya mikutano ya mtaa hatuanzi na watoto, tunaanza na wazazi, na swali ni moja: siku mwanao akikuambia, utatamka nini kwanza? Tunawasimamisha mmoja mmoja wajaribu. Wanaume hucheka, wanaona tunaigiza. Anasimama mmoja, anajikohoza, anasema, “Nani alikutuma uende huko?” Ukumbi unanyamaza, maana kila mtu amejisikia. Tunarudia mpaka maneno yakae mdomoni: “Umefanya vizuri kuniambia. Sikupigi. Lete simu tuangalie wote, usifute kitu.”

Usifute kitu, kwa sababu hasira ya mzazi wa Mbagala huishia kwenye simu. Ikipigwa chini au ikiflashiwa, ushahidi umekwenda, na anayetisha amesaidiwa. Tunawafundisha kupiga skrinishoti ya mazungumzo, kuandika namba na jina la akaunti, kutunza meseji za muamala, kutolipa tena, na kwenda Dawati la Jinsia na Watoto simu ikiwa nzima. Asiyejua aanzie wapi apige 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kwa picha zilizokwisha kutoka, vijana wetu wanawasaidia wazazi kutumia Take It Down, huduma ya bure iliyoanzishwa mwaka 2023 na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa. Picha yenyewe haitoki kwenye simu; inatumwa alama yake ya kidijitali tu, kama dole gumba la picha, na mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok ikiwamo, inaitumia alama hiyo kuizuia. Kwenye meseji zilizofungwa kwa usimbaji, kama za WhatsApp, haifiki, na wazazi tunawaambia hivyo mapema.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kuna jambo ambalo sisi watu wazima tunalifanya wenyewe. Video ya mtoto aliyedhalilishwa inaingia kwenye grupu la mtaa na maneno “Jamani huyu mtoto wa nani? Sambazeni mpaka wazazi wake wapatikane.” Watu wanasambaza huku wameweka alama za kulia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia ya mtoto kupitia kompyuta, na simu nayo imo humo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Hatukuona humo kifungu kinachomsamehe aliyesambaza kwa kusikitika. Na mtoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo yule binti wa miaka 17 mnayesema “ni mkubwa yule” ni mtoto.

Sheria hiyo ya mwaka 2009 inamtaka pia mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto kuvunjiwa haki akatoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Tunaitaja kwa sababu tumekutana na familia zilizokaa kikao, zikapokea fidia na kuyamaliza kwa chai. Aliyetoa fidia amehamia mtaa wa pili.

Kazi tuliyoridhika nayo zaidi ni ya mafundi simu, labda kwa sababu imetoka kwa mafundi wenyewe. Mzazi anaacha simu kwa fundi, anamtajia na neno la siri, anakwenda zake Rangi Tatu kununua dagaa. Ndani kuna picha za mtoto akiogeshwa kwenye beseni, za kupelekwa kwa bibi yake kijijini. Mafundi walio kwenye kikundi wamekubaliana: kadi ya memori inatolewa na kurudishwa kwa mteja, neno la siri halipokelewi pale kazi isipolihitaji, na likihitajika simu inajaribiwa mbele ya mwenyewe. Mwanzoni walicheka na kusema tunawaharibia soko. Sasa wapo wateja wanaotembea kutoka Zakhem kuwafuata.

Tumezungukia pia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, na mafanikio huko ni madogo. Wenye vibanda wanatuitikia vizuri mchana, usiku ni mambo mengine. Kina baba nao bado ni wachache mikutanoni. Tuliwapata kidogo tulipomwomba imamu aseme baada ya swala ya Ijumaa na mchungaji aseme Jumapili, na wote wawili walisema bila kuzunguka.

Kuna wazee wetu wanaotaka simu zipigwe marufuku zisionekane mkononi mwa mtoto yeyote. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Barabara ya Kilwa imetuulia watoto, na hatukuwafungia ndani. Tuliwashika mkono tukawavusha mpaka wakajua kuvuka wenyewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa maombi yetu. Hatuombi fulana wala kofia, tunazo za maadhimisho ya miaka yote.

La kwanza, na hili tungependa ulibebe kuliko mengine, ni faragha. Tumewahi kumsindikiza mtoto kutoa maelezo kwenye kituo kimoja ambako meza ilikuwa mlangoni na benchi la watu waliokuja kwa kesi za kuku na madeni liko hatua mbili. Mtoto alitaja jina lake akanyamaza. Tunajua Hospitali ya Amana kuna kituo cha mkono kwa mkono, ambako mhanga anahudumiwa na daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Hatuombi jengo. Tunaomba chumba chenye mlango unaofungika na viti viwili, karibu na watu wa Mbagala, na tupo tayari kupaka rangi wenyewe.

La pili, tunaomba afisa ustawi wa jamii awe na siku inayojulikana ya kukaa kwenye ofisi ya kata yetu, hata kama ni moja kwa wiki. Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto tunayo kwa jina; ikikutana mara kwa mara tutajua tumpelekee nani taarifa.

La tatu, namba 116 iandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa kila shule ya wilaya hii, upande wa vyoo na siyo upande wa ofisi ya mwalimu mkuu, ili mtoto aweze kuinakili bila kuulizwa anaandika nini. Rangi ya shule hii tumeshanunua.

La nne, wasajili laini wa barabarani wasimamiwe. Kila mwananchi anaweza kubonyeza *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na baada ya risala hii vijana wetu watakuwa pale chini ya mwarobaini kuwasaidia bibi na babu zetu kuangalia zao. Tunakukaribisha, mheshimiwa, uanze wewe na simu yako, wazee wakuone, wafuate.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanakikundi, wazazi na walezi,
Mbagala, Temeke, Dar es Salaam.