Shukrani kwa Mzee wa Mau Summit

Ninamshukuru kwa dhati mzee aliyenikuta kando ya barabara pale Mau Summit, nikitoka Nakuru kwenda Kisumu, gari langu kuukuu likivuja oili. Jina hakuniachia, na pesa alizikataa.

Mafundi wa awali, walipoona oili imetanda pale injini inapoungana na gia boksi, walikata shauri kwamba sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya injini, imekwisha na kwamba gia boksi haina budi kushushwa, kazi ambayo gharama yake ingenielemea. Mzee huyu hakuwa na haraka. Alisubiri injini ipoe, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi chuma kikaonekana, akaiacha ikauke, akainyunyizia poda ya watoto, kisha akaniomba niiwashe. Baada ya muda, mstari mwembamba mweusi ulijichora juu ya weupe ule, ukianzia kwenye swichi ya presha ya oili, kile kifaa kidogo kinachowasha taa ya onyo presha ya oili ikishuka, juu kabisa ya ile sili iliyokuwa ikilaumiwa. Alinieleza kwamba oili hufuata mteremko na kusukumwa nyuma na upepo wa mwendo, hivyo inapodondokea sipo inapotokea, na mtu hupaswa kuanza kutafuta juu, penye unyevu wa kwanza.

Alikagua kijiti cha oili, akaniongezea kutoka mtungi wake ili nifike salama. Swichi mpya niliipata Kisumu kwa bei nafuu, na uvujaji umekoma kabisa.

Mzee wangu, popote ulipo, asante sana. Mungu akuzidishie afya na kazi.