Kwa nyie vijana wa vyuo mnaokuja kutufanyia utafiti hapa Tanga

Wanangu, salaam. Kila mwaka naona mnakuja na tableti zenu na dodoso refu, na tunawapokea vizuri, na tutaendelea kuwapokea maana magonjwa na umasikini havitoki bila watu kukaa chini wakachunguza. Ila nina neno, nataka mlisikie kabla hamjapanda basi.

Ile sehemu ya nadharia kwenye propozo wengi mnaijaza ili supavaiza aridhike, mnakopi ya mwenzenu wa mwaka jana basi. Mimi nawaambia maadili yanaanzia hapo hapo, sio kwenye fomu ya ridhaa. Chukua ile nadharia ya imani za kiafya, waliianza wataalamu wa Marekani miaka ya 1950 walipotaka kujua kwa nini watu hawaendi kupima TB hata pale kipimo kikiwa bure. Sio mbaya. Lakini inatazama kilichomo kichwani kwa mtu, anaogopa ugonjwa au haogopi, anaona faida ya kwenda au haoni, hata vikwazo inavitazama vile yeye anavyovihisi. Sasa ukiibeba hivyo hivyo ukamwendea mama wa Pongwe aliyechelewa kliniki, utamuuliza imani yake weee mpaka achoke, nauli ya bodaboda utaiuliza mara moja tena juu juu, na nani anabaki na watoto hutouliza kabisa, alafu ripoti inatoka eti kina mama wa Tanga hawana uelewa. Huyo mama umeshamsingizia, na fomu alisaini.

Mnasoma ule utafiti wa Tuskegee, kule Alabama Marekani, 1932 mpaka 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba hata penisilini ilipokuwa ipo tayari, wakawa wanaambiwa wana "damu mbaya". Wale watafiti nao walikuwa na nadharia yao jamani, kwamba kaswende kwa mtu mweusi inaenda tofauti! Ndo baada ya aibu ile ikaja Ripoti ya Belmont ya 1979, ya Wamarekani kuhusu maadili ya utafiti kwa watu, na mambo yake matatu, kumheshimu mtu, kumtakia mema na kumkinga na madhara, na haki. Mnayakariri kwa mtihani, mie nataka muyaone mtaani.

Kwa mfano hiyo ridhaa. Mama yuko jikoni anakuna nazi, mnaingia watatu na mjumbe wa mtaa kasimama mlangoni, mnamsomea karatasi haraka haraka, mnamshika kidole gumba mnakichovya wino. Atakataaje mbele ya mjumbe? Kesho barua ya utambulisho ataipata kwa nani? Mjumbe akishawatambulisha mwambieni kwa adabu aende zake, alafu muanze upya, na mama ajue akisema sitaki hakuna atakayemnunia. Kibali cha NIMR au COSTECH, zile taasisi za serikali zinazoruhusu utafiti, kinakufikisha mlangoni tu, kukubali ni kwake yeye.

Na siri, hapa ndo naumia zaidi. Mnakuja Sahare mnauliza habari za kuvulia baruti, mtu anakuamini anakusimulia, we unaandika "mvuvi, miaka 52, nahodha wa mashua ya kijani, Sahare". Jina hujaandika sawa, lakini pwani nzima inamjua, na baruti ni kesi ya jela. Umri andika hamsini na kitu, mashua iache, na kama kauli yenyewe inamfichua basi itoe hata kama ndo tamu kuliko zote kwenye ripoti yako.

Majibu pia tunayataka. Msituletee kitabu cha Kiingereza kikae ofisini kwa mtendaji. Njooni baada ya alasiri, wavuvi wengi wako nchi kavu wanashona nyavu, mtusomee mlichoandika kuhusu sisi kabla hamjakipeleka chuoni, na pale tutakaposema hapa sivyo, mkae mtusikilize mpaka mwisho.