Dawa ya kupuliza fizi ipimwe kama inadumu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu dawa za mitishamba za kupuliza kinywani, zile za kutuliza fizi zilizovimba. Nazipenda, na ndiyo sababu naandika. Mgonjwa asiyeweza kusukutua hupuliza mara moja tu, dawa ikafika panapouma.

Chupa niliyonunua mimi ilikuwa na rangi ya chai hafifu. Wiki chache baadaye ikawa kahawia iliyokolea, mashapo yametuama chini na tundu la kupulizia limeziba. Tanini, yaani kemikali za mimea zenye ukakasi kama wa chai kali, zikikutana na hewa hubadilika hivyo. Mafuta ya mnanaa nayo huelea juu ya maji, ilhali mrija hunyonya kutoka chini. Pasipo kitu cha kuyashikanisha, mgonjwa hupuliza maji mwanzoni, na mwishoni mafuta makali yanayochoma ulimi.

Watengenezaji, hifadhini chupa kwenye nyuzi joto 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, kama dawa nyingine zinavyojaribiwa. Msiangalie rangi tu: pimeni kiasi cha kiini cha dawa kilichobaki, ukali wa asidi, na kama vijidudu vimeota. Andikeni pia dawa itumike kwa muda gani baada ya kufunguliwa.

Na lebo iseme wazi kwamba dawa hii haiondoi ukoga, ambao ndio chanzo cha uvimbe. Mswaki bado unahitajika.

Msomaji wako,
Mpenzi wa tiba za mimea